Kiti cha Kusikilizia

Ili uruhusiwe kumuuliza mtoto wa watu kwa nini analia, sharti kwanza uwe na shahada ya uzamili. Nasema kwa kejeli kidogo, lakini si uongo, maana nimeyapitia mwenyewe. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya kufundisha Kiingereza, nayo haikutosha. Nikaambiwa nianze na masomo ya kuziba pengo: saikolojia ya watoto, takwimu, na somo la maadili ya kazi ambalo mwalimu wake alilifundisha kama anayetusomea hukumu. Baada ya hapo uzamili wenyewe, madarasa ya jioni, mimi nimetoka kufundisha tangu asubuhi na sauti imeshakauka. Baada ya madarasa, saa za mazoezi shuleni chini ya msimamizi, kila mazungumzo yarekodiwe kwa ruhusa ya wazazi, yasikilizwe, yachambuliwe. Baada ya mazoezi, mtihani. Baada ya mtihani, kuitwa mbele ya jopo. Ndipo upewe kibali cha kuwa mshauri nasaha wa shule, nacho kina tarehe ya kwisha kama leseni ya gari.

Mama aliyasikia yote hayo tukiwa jikoni tunachambua mchicha. Akaweka kisu chini.

"Yaani mwanangu unasomea kutoa nasaha?" akasema. "Mimi nimetoa nasaha umri wangu mzima, na cheti sijapewa."

Alikuwa na haki ya kusema. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati angali msichana, na tangu nina akili nyumba yetu ya Ansab haikukosa mwanamke aliyekuja na machozi yake ndani ya buibui. Alikaa kwenye kochi, akapewa kahawa, akasema yake, akaambiwa la kufanya: mrudie mumeo, au usimrudie, au mwambie mama mkwe wako akupishe. Nilipomweleza mama kwamba kazi hii, ingawa inaitwa ushauri, jambo la kwanza unalokatazwa ni kutoa ushauri, alinitazama kama nimemwambia kwamba siku hizi wapishi hawapiki. Akarudi kwenye mchicha wake.

Msimamizi wangu alikuwa Mkenya, mama wa makamo, mshauri wa shule moja ya binafsi huko Qurum. Alikuwa Mkristo wa kanisa la kila Ijumaa, kwa kuwa Jumapili huku watu wako kazini, na chai yake ya maziwa aliibeba kwenye chupa kutoka nyumbani kwa sababu ile ya mkahawa wa shule aliiona kama maji ya kuoshea vikombe. Tulizungumza Kiswahili, chake cha bara na changu cha kwetu, na mara nyingi tulichekana. Lakini akishavaa vile visikizio masikioni, kicheko kiliisha. Alisikiliza rekodi yangu ya kwanza na msichana mmoja wa darasa la nane, akaisimamisha katikati.

"Hapa mtoto hakuwa amemaliza," akasema. "Umemkatiza. Na unajua umemkatiza na nini? Na huruma. Huruma yako inaongea sana, dada yangu."

Akanishauri nikajizoeze kunyamaza. Nitafute mtu nyumbani, akae kama mwanafunzi, atunge shida, nami nisikilize bila ya kumpa jibu. Akasisitiza iwe shida ya kutunga. Shida ya kweli ya mtu wako, alisema, si yako kuishughulikia, maana huwezi kuwa ndani ya maji na ukingoni kwa wakati mmoja.

Nyumbani mtu pekee aliyekuwa na nafasi alikuwa mama. Kaka yangu, mkubwa wangu na ndugu yangu pekee, anakaa ghorofa ya juu na mkewe, na wote wawili wanarudi kutoka kazini jua limeshapoa. Baba alitutoka zamani. Basi kila siku baada ya swala ya Alasiri, kabla ya chai, mimi na mama tulikuwa na kikao. Viti viwili vya plastiki niliviweka kwenye pembe ya sebule, karibu na dirisha, mshazari na si uso kwa uso, kwa sababu mtoto akikabiliwa usoni hujifunga. Saa ya ukutani niliihamisha nyuma ya kiti chake ili niione bila ya kugeuza kichwa. Boksi la tishu nikaliweka katikati. Mama alivikagua vyote hivyo, akauliza kama na bendera tutapandisha.

"Nikae vipi?" akauliza tena. "Watoto wa siku hizi hukaa kama wamemwagwa."

Akajimwaga kitini, akavuta ushungi mpaka kwenye nyusi kama wanafunzi, akaanza. Siku hiyo alikuwa msichana anayechukia kemia. Siku nyingine alikuwa msichana aliyenyang'anywa simu na baba yake. Mara moja akawa ametoroka darasani kwenda kula shawarma, na hadithi ikamnogea hata akaanza kueleza kila aliyekuwa kwenye foleni kavaa nini. Mimi nilikuwa nikijisahau nikampa jibu, naye alinikatia jicho. "Mwalimu, mimi sijamaliza," alisema. Alikuwa mkali kuliko msimamizi.

Kitu kimoja tu kilitugombanisha. Alitaka kujua watoto wa Qurum wanalia nini, na mabwawa ya kuogelea wanayo. Nikamwambia hayo siwezi kuyasema. Akadhani natania. Akaniuliza tena kwa kahawa, tena kwa tende, tena tukiwa garini ambako hakuna wa kutusikia. Nitajie tu mtaa, alisema, jina sitaki. Nikakataa. Akaniuliza tangu lini mtoto akamficha mamaake, akaninunia mpaka Ijumaa, na Ijumaa yenyewe akanipakulia wali bila ya kunitazama. Nilishikilia hapo hapo. Nilikuwa nimeshatia saini ahadi ya kutunza siri, na isitoshe mimi nina kichwa kigumu, nimekirithi kwake. Baadaye akaja kunisimamia mlangoni, akasema, "Kumbe unaweza kunyamaza." Nilidhani ananicheka.

Halafu tumbo likaanza kumuuma. Akapungua, pete zikawa zinamvuka vidoleni. Akapelekwa hospitali, akapimwa, akapimwa tena. Kwetu daktari akiwa na habari nzito hamkabidhi mgonjwa. Anamtafuta mtoto mwanamme mkubwa, anamtoa kwenye ujia, anamwambia yeye, na yeye ndiye anayeamua nani ajue na nani asijue. Watu wengi hutaka iwe hivyo. Husema ni kumhurumia mgonjwa.

Kaka aliniambia tuende kwenye gereji za Wadi Kabir, breki za gari zinalia. Breki hazikuwa na kitu. Alitaka tu pahala penye kelele, mbali na nyumba. Tukakaa kwenye viti vya gereji, mafundi wanakata vyuma, cheche zinaruka, naye akaniambia. Jina la ugonjwa hakulitamka, alisema "ugonjwa ule," na kila mtu wa kwetu anajua ugonjwa ule ni upi. Umeshaenea. Hakuna la kufanya ila kumpunguzia maumivu.

"Tutamwambia ni vidonda vya tumbo," akasema.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe mama hana haki ya kujua. Nilisema kwa ukali, kwa sababu ndio kwanza nilikuwa nimetoka kulisoma somo lile la maadili, na haki ya mtu kujua mambo yake ilikuwa sura nzima.

"Hiyo ni haki ya vitabu vyako," akanijibu. "Huyu ni mama. Akijua, atakufa kabla hajafa."

Kisha akalia. Mtu mwenye ndevu nyeupe, mkuu wa idara ofisini kwake, alilia mbele ya mafundi wa Kihindi na Kibangali, nao wakainamisha vichwa ndani ya injini kujifanya hawaoni. Mimi nikakubali. Yeye ndiye mkubwa, na sikuwa na moyo wa kumwongezea. Tuliporudi nyumbani, tukamkuta mama amekaa ukumbini, akatuuliza breki zimefikia wapi.

Mama alikuwa na methali aliyoipenda, akiwasema nayo wenziwe: mficha maradhi, kifo humuumbua. Miezi ile nyumbani kwetu hakuna aliyeitamka, hata yeye. Nilipaswa kuliona hilo kama dalili, lakini nani anayesikiliza methali ambayo haikusemwa.

Lazima nieleze habari ya halwa. Mama alikuwa na sukari miaka mingi, na kaka ndiye aliyekuwa askari wake. Akienda arusini, kaka alimpigia mkewe simu aulize mama amekula nini. Siku ya Idi, mama akichota halwa kidogo kwa ncha ya kijiko, kaka alikiondoa kijiko mkononi mwake, mbele ya wageni, mama akamwapiza kwa kicheko. Mchezo wao ulikuwa huo. Baada ya Wadi Kabir, kaka akaanza kumletea halwa yeye mwenyewe. Kila Alkhamisi jioni aliingia na bakuli, ile nyeusi ya zafarani na lozi, bado ina joto, akaketi chini kwenye zulia mbele ya mama, akamtazama akila. Mama alikula. Alikula mpaka akalamba kijiko, na uso wa kaka ukawa kama wa mtoto aliyesifiwa shuleni.

Vikao vyetu havikusimama. Mama mwenyewe ndiye aliyevishikilia. Nilimwambia apumzike na vidonda vyake vya tumbo, akasema vidonda viko tumboni, mdomo mzima. Siku moja, wiki chache baada ya habari ile, akakaa kitini, hakujimwaga. Akavuta ushungi.

"Mwalimu," akasema kwa ile sauti yake ya kitoto, "nyumbani kwetu mimi nilikuwa nakatazwa peremende."

Nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

"Kaka yangu alikuwa akininyang'anya mkononi. Sasa ananiletea mwenyewe. Nikigombana na mtu, wote wananipa haki mimi. Juzi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, kwa makusudi, niwatazame. Wakanywa." Akachezea pindo la ushungi. "Mwalimu, mtoto akianza kuachiwa kila kitu, maana yake nini?"

Chai ile niliikumbuka. Niliinywa yote.

Nikamuuliza swali tulilofundishwa kuuliza, kwa sababu halikuwapo jingine kinywani mwangu. "Wewe unaona maana yake nini?"

Akatazama dirishani. Sauti ya kitoto ikaondoka.

"Maana yake hakai sana."

Nilitaka kusimama. Nilitaka kumwangukia miguuni nimwite mama, nimwambie kila kitu, gereji na daktari na machozi ya kaka. Nadhani goti langu lilikuwa limeshaanza kuinuka, maana alinyanyua kidole kunizuia.

"Mwalimu, si ulisema yanayosemwa hapa hayatoki?"

"Nilisema."

"Hata kwa kaka yangu?"

"Hata kwake."

"Basi," akasema, akarudisha ushungi nyuma, akainuka kwa kushika ukingo wa dirisha, na kwa sauti yake mwenyewe akaniambia chai inapoa. Kaka aliporudi jioni, alimkuta mama analalamika kuhusu vidonda vya tumbo, na dawa ya asali aliyoelekezwa na jirani.

Sijui niieleze vipi hali yangu baada ya siku ile. Ghorofani kaka alikuwa na siri yake, kwamba mama anaumwa na hajui. Chini mama alikuwa na yake, kwamba anajua na wao hawajui kwamba anajua. Mimi nilipanda na kushuka ngazi katikati yao. Siri ya mtungi aijuaye kata, husema watu, lakini hawasemi kata hujisikiaje. Nilikuwa nikilia msalani na bomba nimelifungulia. Na kila Alasiri nilipanga viti, kwa sababu ndipo pahala pekee ambapo mamaangu alikuwa akiniambia kweli.

Mengi aliyoyasema humo sitayaandika. Aliogopa maumivu, kifo hakukiogopa sana. Alitaka kanga fulani zigawiwe kwa watu fulani. Alikumbuka harufu ya nyumba yao ya utotoni baada ya mvua. Na siku moja, akiwa bado mwanafunzi na ushungi wake, alisema peremende zenyewe hazina tamu tena mdomoni, ni kama anatafuna sabuni, na zikishuka zinarudi. Nikamuuliza kwa nini basi anazila.

"Nikiacha nusu, uso wa kaka yangu unaanguka," akasema. "Basi namlia yeye."

Mwishowe nikaenda kwa msimamizi. Nilimweleza bila ya kutaja mtu: kuna mwanafunzi, anajua jambo ambalo jamaa zake wanamficha, amelisema kwenye kikao, naye hataki litoke. Akanimiminia chai. Akaniuliza huyo mwanafunzi yuko darasa la ngapi. Nikasema ni mtu mzima kidogo. Akakiweka kikombe chini, akanitazama, akaelewa.

"Nilikuambia shida ya kutunga," akasema.

"Alitunga," nikamwambia. "Alitunga vizuri sana."

Nikalia hapo ofisini kwake, kengele ya shule inalia, watoto wanapita mbio nje. Msimamizi hakunisogelea. Hakunipigapiga mgongo, hakuniambia Mungu yupo, ingawa najua anaamini hivyo sana. Alikaa mshazari na mikono yake mapajani, akaningoja mpaka nikamaliza, na katika masomo yote ya uzamili sijapata somo kama lile. Kisha akanieleza kwamba saa zile za nyumbani hawezi kuzihesabu, hazitaingia popote kwenye kibali changu, na kwamba kwa sheria za kazi yetu ningepaswa kuviondoa viti vile siku ile ile. Lakini hakuniambia niviondoe. Aliniambia tu nimuulize mwenyewe anataka nini. Si kaka, si mimi. Yeye.

Nikamuuliza kesho yake. Alikuwa amechoka, kiti nimekiwekea mito. Nikamwambia mwanafunzi huyu, kama anataka, mwalimu anaweza kumsaidia azungumze na watu wa nyumbani kwao. Anaweza kukaa nao.

"Hapana," akasema. "Wakijua kama nnajua, nani atawanyamazisha? Sasa kila mmoja ana la kufanya. Wao wananificha mimi, mimi nawaficha wao. Tukiacha, tutabaki kutazamana tu."

"Na mimi?" nikasema. Haikuwa sauti ya mwalimu. Ilinitoka.

Mkono wake ulikuwa juu ya boksi la tishu, hakuchukua hata moja.

"Wewe ndio umesomea," akasema.

Nilikasirika. Namwogopa Mungu kusema hivi juu ya mama mgonjwa, lakini nilikasirika, na hasira ilinikaa siku kadhaa. Nilivichukia vitabu vyangu vyote vilivyopangwa kitandani. Kaka alimpata mama wa kumlisha halwa. Mimi nilimpata mwanafunzi. Nilitaka aniambie mara moja tu, nje ya kiti, kwa sauti yake, mwanangu mimi nakufa, ili nami nipate kulia kama mtoto wake na si kama mtu aliyehitimu. Nilingoja neno hilo jikoni, garini, nikimkanda miguu. Hakulisema.

Akalazwa. Chumba kilikuwa cha mtu mmoja, dirisha linatazama maegesho ya magari na nyuma yake milima ile mikavu. Kaka hakubanduka, isipokuwa kwenda kuswali na kwenda kuleta halwa, kwa sababu ilikuwa Alkhamisi. Alipotoka, mimi kwa mazoea nikakivuta kiti cha wageni, nikakiweka mshazari, nikaketi na mikono mapajani. Mama akafungua macho.

"Kiti hicho kiondoe," akasema. "Njoo hapa."

Nikakisukuma kiti mpaka ukutani. Nikapanda kitandani pembeni yake, na viatu vyangu, jambo ambalo maisha yake yote angelinigombeza. Akaniwekea kichwa begani. Alikuwa mwepesi hata niliogopa kumkumbatia. Hakusema kitu, nami sikumuuliza kitu. Nililia nywele zake zikaroa, naye akawa ananipapasa mkono polepole kama alivyokuwa akinilaza zamani. Hatukukaa sana. Kaka akaingia na bakuli, mama akajiinua kidogo kwenye mto, akafungua mdomo, akala vijiko viwili. Alipotoka nje kaka kuzungumza na daktari, nikamshikia mama beseni, vikarudi.

Alifariki siku chache baadaye, alfajiri, sote tupo. Tulimzika kabla ya Adhuhuri. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa, wanaume kwenye majilisi ya jirani, wanawake kwetu, na kila jioni kaka aliingia mlangoni kuwasalimia akina bibi na kupokea mikono ya pole. Kila aliyempa pole alimjibu maneno yale yale: alhamdulillahi, hakujua. Alikwenda hana wasiwasi. Akina bibi wakaitikia kwamba hiyo nayo ni rehema, si kila mtu hupata. Mimi nilikuwa na dele la kahawa mkononi. Nikawa nazunguka na vikombe.

Mtihani niliufanya baada ya hapo, na mbele ya jopo nikaitwa. Walikuwa watu wastaarabu. Waliniuliza ni lini mshauri anaruhusiwa kuivunja siri ya mwanafunzi, nikajibu kama ilivyoandikwa: pale tu ambapo mtu anaweza kudhurika. Wakaniuliza, na mwanafunzi akifariki je? Nikasema siri haizikwi na mwenyewe kisha ikawa ya kila mtu, inabaki yake. Mmoja wao akatabasamu, akasema inaonyesha nimelielewa vizuri somo la maadili. Hawakuniuliza inakuwaje pale siri inapotunzwa sawasawa na bado mtu akadhurika. Nadhani hilo halimo kwenye mtaala.

Kibali kilipotoka, kaka alishuka ghorofani amevaa kanzu safi kama siku ya Idi. Mkononi ana bakuli la halwa. Nyeusi, zafarani na lozi, kutoka kwa muuzaji yule yule. Akasema mama angelifurahi, tusherehekee kwa niaba yake. Akakaa chini kwenye zulia, pale pale pake. Viti vya plastiki nilikuwa nimeshavipandanisha nyuma ya mlango.

Tukazungumza mambo mengine, kazi, shule nitakayoanzia, kisha akanyamaza. Nilijua kuna kitu kinakuja. Nimeshaijua namna watu wanavyonyamaza.

"Sasa wewe mtaalamu," akasema. "Nikuulize, na unijibu kwa elimu yako, si kwa kunionea huruma. Unadhani alijua?"

Nilimtazama kaka yangu. Ndevu zake zilikuwa zimezidi kuwa nyeupe.

"Alikuwa akifurahi kila ulipoingia," nikasema. "Hilo mimi nililiona kwa macho yangu."

Akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa kiganja.

"Najua hakujua," akasema. "Mtu anayejua hawezi kula halwa vile. Ulimwona? Alikuwa akilamba kijiko."

Nikamwambia nilimwona.

Akachota kijiko kikajaa, akanisogezea. "Kula. Yeye alikuwa akiipenda."

Mimi halwa siipendi tangu utoto, na kaka anajua, ila siku ile alisahau. Nikakipokea kijiko. Alikuwa akinitazama usoni kama alivyokuwa akimtazama mama. Nikala mpaka mwisho, nikalamba kijiko, nikamwambia tamu.